Askia Ishaq wa Pili: Tondibi, na mahali dola ya Songhai ilipopotea hasa

Machi 1591, katika uwanda wa Tondibi kando ya Mto Niger, kilomita zipatazo 50 kaskazini ya Gao, mji mkuu wa Songhai, jeshi la Askia Ishaq wa Pili lilivunjika mbele ya wapiganaji wapatao 4,000 waliotoka Morocco. Kwa siku moja, mtawala wa dola kubwa kuliko zote Afrika Magharibi akawa mkimbizi upande wa pili wa mto.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mafupi: bunduki dhidi ya mikuki, basi. Hayaniridhishi. Bunduki zinaeleza kwa nini Ishaq alishindwa siku ile. Hazielezi kwa nini Songhai haikujikusanya tena, ilhali dola nyingi zimepigwa vibaya uwanjani na bado zikasimama. Anayetaka kulielewa anguko hili hana budi kuanzia Kabara mwaka 1588, na asiishie Tondibi. Afike mpaka Dendi, kusini mwa dola, ambako bunduki zile zile zilishindwa kufanya kazi iliyotarajiwa.

Watoto wa Daoud

Askia ndicho cheo cha wafalme wa Songhai tangu 1493, Muhammad, aliyekuwa jemadari wa Sunni Ali, alipomshinda mwana wa bwana wake na kukikalia kiti. Akatawala, akaenda hija, akaipanua dola hadi ikashika Gao, Timbuktu na Djenné pamoja na njia za chumvi na dhahabu. Mwaka 1528, akiwa mzee, akaondolewa na mwanawe mwenyewe, Musa. Mlango uliofunguliwa hivyo haukufungwa tena. Hapakuwa na kanuni thabiti ya nani amrithi nani. Ndugu, mpwa, mtoto wa suria, yeyote mwenye damu ya Askia na kikosi nyuma yake alikuwa mdai halali wa kiti, na aliyekipata alianza kazi kwa kuwaangalia ndugu zake kwa jicho la wasiwasi.

Askia Daoud aliyatuliza mambo kwa muda, kwani alitawala tangu 1549 hadi 1582, na dola ikapumua. Lakini aliacha wana wengi. Wa kwanza kurithi, al-Hajj Muhammad, aliondolewa na ndugu zake mwaka 1586. Wa pili, Muhammad Bani, hakumaliza miaka miwili. Ishaq alikuwa wa tatu kutoka nyumba hiyo hiyo, na namna alivyokipata kiti ndiyo sehemu ya kisa hiki ambayo wengi huipita haraka.

Kabara ni bandari ya Timbuktu. Mwaka 1588 palikuwa na maofisa wawili wa mfalme pale: Alu, aliyesimamia bandari, na al-Sadiq, mwenye cheo cha Balama, mkuu wa askari waliokaa hapo. Wakagombana, na al-Sadiq akamwua Alu. Ugomvi wa maofisa wa mji wa bandari ungeweza kuishia kwenye baraza la hukumu. Badala yake al-Sadiq, ambaye naye alikuwa mwana wa Daoud, aliona kwamba akishaua ofisa wa Askia hana pa kurudi, akaamua kukitaka kiti chenyewe. Majimbo ya magharibi yakamfuata, pamoja na wakubwa wa Timbuktu. Muhammad Bani akatoka Gao kumkabili, akafariki ghafla kabla hata ya kukutana naye. Gao ikamweka Ishaq.

Ishaq alishinda. Alimpiga al-Sadiq, akawasaka wafuasi wake, akawaua baadhi na kuwafunga wengine. Kwa kipimo cha siku zile hakufanya jambo la ajabu. Lakini tazama alichokivunja. Dola ya Songhai ilikuwa na mikono miwili ya kijeshi: jeshi la Gao na jeshi la magharibi chini ya Kurmina-fari, cheo cha mkuu wa majimbo ya magharibi. Kurmina-fari mwenyewe aliuawa na al-Sadiq, ndugu yake, walipokosana katikati ya uasi. Askari waliobaki ama walikufa mbele ya Ishaq, ama walirudi makwao wakiwa na kinyongo. Mkono mzima ulikuwa umekatwa miaka mitatu tu kabla ya Tondibi, na aliyeukata ni mfalme aliyeuhitaji.

Barua kutoka Marrakech

Upande wa pili wa jangwa alikuwapo Ahmad al-Mansur wa ukoo wa Saadi. Alikalia kiti siku ile ile ya ushindi wa Ksar el-Kebir, tarehe 4 Agosti 1578, vita vilivyomuua mfalme Sebastian wa Ureno, na ndugu yake al-Mansur, sultani Abd al-Malik, naye akafa siku hiyo. Fidia za mateka wa Kireno zilimjaza fedha. Alikuwa akijijengea kasri la El Badi mjini Marrakech, na alikuwa na jeshi la kisasa lenye wapiga bunduki wengi waliotoka Andalusia. Jeshi la namna hiyo hula sana. Kaskazini palikuwa na Wahispania, mashariki Waturuki. Kusini palikuwa na dhahabu.

Kisingizio kilikuwa chumvi. Machimbo ya Taghaza, katikati ya jangwa, yaligombaniwa tangu zamani. Al-Mansur alimwandikia Ishaq akidai mithqali (kipimo cha uzito wa dhahabu) moja ya dhahabu kwa kila shehena ya ngamia ya chumvi, eti kwa ajili ya majeshi yanayowalinda Waislamu. Ishaq akajibu kwa maneno makali na akatuma mikuki pamoja nayo. Wapo wanaolisoma jibu hilo kama upumbavu wa mtu mwenye kiburi. Mimi nasema hakuwa na jibu jingine. Mfalme aliyekalia kiti kwa miaka miwili tu, juu ya damu ya ndugu zake, angelipa kodi kwa sultani wa mbali kisha awatazame vipi makamanda wake? Kukataa halikuwa kosa. Kosa ni kukataa halafu kukaa kana kwamba hakuna kitakachofuata.

Na sababu ya kukaa hivyo inaeleweka. Miaka michache nyuma Morocco ilikuwa imetuma jeshi kubwa upande wa Wadan, mji wa jangwani. Tarikh ya Timbuktu, yaani kitabu cha historia kilichoandikwa huko, inataja watu 20,000. Njaa na kiu viliwamaliza, wachache wakarudi. Gao ikajifunza kwamba jangwa ni ukuta.

Al-Mansur alijifunza jambo tofauti kutoka msiba huo huo: watu wachache, maji mengi, ngamia wengi. Tena alikuwa na mtu wa kumweleza hali ya Songhai ilivyo. Mtumwa mmoja wa nyumba ya kifalme, Wuld Kirinfil, aliyekuwa amepelekwa Taghaza kufungwa, alitoroka akafika Marrakech akijiita kaka yake Askia aliyeporwa kiti. Alimwandikia sultani kwamba Songhai ni dhaifu na ni rahisi kuitwaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Uongo wa nasaba yake ulikubalika kwa sababu nasaba za kweli za Gao zilikuwa na wadai wengi wa namna yake.

Safari na siku yenyewe

Msafara uliondoka Marrakech Oktoba 1590 chini ya Judar Pasha, mzaliwa wa kusini mwa Hispania aliyetekwa utotoni na kulelewa katika nyumba ya sultani. Jeshi lake lilikuwa na askari wa miguu wenye bunduki 2,000, nusu Waandalusia na nusu Wazungu waliosilimu. Wapiga bunduki wa farasi 500. Wapanda farasi wenye mikuki 1,500. Na mizinga michache midogo. Nyuma yao walikuja wachimbaji, waongoza ngamia, na ngamia wapatao 8,000. Ukizitazama hesabu hizo utaona kwamba kila mpiganaji alikuwa na ngamia wawili. Hilo ndilo lililoushinda ukuta wa jangwa, kabla bunduki hazijalia hata mara moja.

Walitembea zaidi ya miezi minne. Inasimuliwa kwamba Ishaq alipeleka amri visima vya njiani vifukiwe, na wajumbe wakavamiwa na wanyang'anyi wasifike. Iwe kweli au siyo, jeshi la adui halikukutana na kizuizi chochote cha maana hadi likanywa maji ya Niger huko Karabara mwishoni mwa Februari 1591. Watu waliotoka jangwani wakiwa wamechoka, wanyama wao wamekonda, waliachwa wapumzike kando ya mto. Siku hizo chache za Karabara zinanisumbua kuliko siku ya vita. Hapo ndipo wapanda farasi wa Songhai, waliozoea uwanda ule, wangeweza kuwasumbua usiku na mchana, kuwaibia ngamia, kuwanyima usingizi. Baraza la Gao lilikuwa likijadiliana. Mwandishi wa Timbuktu wa karne ya 17 anasema kila shauri jema lililotolewa walilitupa nyuma ya migongo yao.

Kuhusu ukubwa wa jeshi la Ishaq, tarikh mbili za Timbuktu hazipatani: moja inasema wapanda farasi 12,500 na askari wa miguu 30,000, nyingine inasema wapanda farasi 18,000 na wa miguu 9,700. Chukua yoyote kati ya hizo, Ishaq alikuwa na watu wengi mara kadhaa kuliko Judar. Kwa hiyo aliamua jambo ambalo mwenye watu wengi hupenda kuamua: kupanga safu uwanjani na kumaliza kazi mara moja.

Ng'ombe ndio wanaokumbukwa zaidi katika siku hiyo. Songhai walilitanguliza kundi kubwa la ng'ombe mbele ya safu zao ili liwakanyage wapiga bunduki, au angalau liwafunike askari wa miguu hadi wafike karibu. Watu huicheka mbinu hii, bila haki. Bunduki za utambi za zama zile zilikuwa nzito na za polepole kujaza. Risasi ikishatoka, mpigaji huwa hana kitu kwa muda mrefu wa kutosha kumwezesha mpanda farasi kumfikia. Kuwafanya wapoteze risasi zao za kwanza kwa ng'ombe lilikuwa wazo la mtu aliyefikiri. Kilichosahaulika ni sauti. Mlio wa bunduki nyingi na mizinga uliwageuza ng'ombe, wakarudi mbio kwa waliowatuma, wakazivuruga safu zao.

Baada ya hapo vita vilikuwa vya mafungu. Wapanda farasi walishambulia na kurudishwa. Kikosi cha mashujaa wa mfalme, ambao desturi yao ilikuwa kutokimbia, walikaa juu ya ngao zao na kungoja. Waliuawa hapo hapo walipokaa. Ujasiri wao unastahili heshima, lakini ni hasara isiyo na faida: watu bora wa dola walikufa bila kusogea ili mfalme apate muda wa kuondoka. Simulizi za Timbuktu zinamtaja katibu wake, Lanbar, kuwa ndiye aliyemshika na kumsihi aondoke, na wengine wakamwita msaliti kwa hilo. Sioni usaliti wowote hapo. Mfalme aliyebaki hai ana la kufanya kesho.

Swali ni kama alilifanya.

Miezi iliyofuata

Hesabu ya baada ya Tondibi haikuwa mbaya kwa Ishaq kama inavyodhaniwa. Alivuka mto na kuingia upande wa Gurma. Watu wa Gao walikuwa wamehamishwa kwa mashua. Judar alipoingia mjini alikuta wachache: wanachuoni, wafanyabiashara, waliokosa usafiri. Dhahabu aliyoahidiwa hakuiona. Aliliangalia jumba la Askia, akaandika kwa sultani kwamba nyumba ya mkuu wa waongoza punda wa Marrakech ni bora kuliko hilo. Hakuwa na mashua za kuvukia, na maradhi yakaanza kuwaua watu wake, hata akalazimika kuondoka Gao kwenda Timbuktu.

Basi pana jeshi lililoshinda ambalo haliwezi kuvuka mto, linaugua, na liko mbali na kwao kwa mwendo wa miezi. Mto ulikuwa wa Songhai. Mashua zilikuwa za Songhai. Chakula kilikuwa mikononi mwa Songhai. Wakati nao ulikuwa wa Songhai.

Ishaq akautumia wakati huo kutoa ofa: mithqali 100,000 za dhahabu na watumwa 1,000, na jeshi lirudi kwao. Naona hili ndilo kosa lake kubwa kuliko la uwanjani. Si kwa kuwa alitaka amani. Judar mwenyewe aliiona ofa hiyo kuwa nzuri na akaipeleka kwa bwana wake. Ni kwa kuwa ofa ile ilimwambia al-Mansur mambo mawili kwa mara moja: kwamba dhahabu ipo, na kwamba mwenye dhahabu ameogopa. Sultani alikasirika, akamwondoa Judar katika uongozi, akamtuma pasha mwingine, Mahmud ibn Zarqun, aliyefika Agosti 1591 akiwa na maagizo ya kuendelea na vita.

Mahmud alianza na mashua. Msimamizi wa bandari alikuwa amekimbia nazo zote, kwa hiyo pasha akakata miti ya Timbuktu na kung'oa mbao za milango ya nyumba, akaunda zake. Hebu fikiria mji mzima ukinyang'anywa milango ili wavamizi wapate kuelea. Hivyo ndivyo zuio la mto lilivyokuwa na nguvu, na Ishaq alikuwa na miezi mitano ya kulitumia. Oktoba 1591 walikutana naye tena karibu na Bamba. Akapigana tena kwa safu, akashindwa tena kwa namna ile ile.

Safari hii jeshi lake halikungoja ashindwe mara ya tatu. Makamanda walimvua ufalme na kumweka ndugu yake, Muhammad Gao. Ishaq akakimbilia Gurma na watu wachache, akauawa huko na wenyeji. Alitawala zaidi kidogo ya miaka mitatu.

Muhammad Gao aliamua kusalimu amri. Hapo tena Mahmud alikuwa taabani: jeshi lake lilikosa chakula, wakafikia kula wanyama wa mizigo. Muhammad Gao aliwapelekea nafaka kuonyesha nia njema. Wakashiba. Kisha pasha akamwalika aje kuapa utii, na simulizi zinamtaja tena yule yule Lanbar kuwa mshauri aliyemhimiza aende, wengine wakimkataza. Akaenda na wakubwa wake. Akakamatwa akiwa mgeni, na baadaye wakauawa. Ikiwa Lanbar alikuwa msaliti, ni hapa pa kumshtaki.

Ndugu aliyekuwa kifungoni

Aliyefuata anaibadili picha yote. Nuh, naye mwana wa Daoud, alikuwa amefungwa gerezani huko Dendi na ndugu zake, kwa sababu za kawaida za nyumba ile. Akatoka kifungoni, wapiganaji waliobaki wakamfanya Askia, akarudi nao kusini, kwenye nchi ya vichaka na maji.

Nuh hakupanga safu. Alivizia, akapiga, akatoweka. Mvua zililowesha baruti. Farasi wa Morocco walikufa. Askari waliugua matumbo. Mahmud alimfuata kwa muda mrefu, akaandika Marrakech kuomba farasi na watu zaidi, akaletewa, na bado hakummaliza. Mwisho akaacha, akarudi Timbuktu, na mwaka 1595 akauawa katika vita na watu wa milimani, kusini ya mto. Askia wa Dendi waliendelea kujitawala.

Bunduki hazikuwa zimebadilika kati ya Tondibi na Dendi. Waliozibeba walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba kiongozi wa Songhai aliacha kuwapa uwanja ulio wazi waliouhitaji. Kwa hiyo hoja ya kwamba hakuna jeshi la mikuki lingeweza kuwazuia haisimami, na aliyeiangusha alikuwa amefungwa minyororo wakati nduguye akiwapanga ng'ombe mbele ya safu.

Ni haki pia kumwuliza Ishaq juu ya silaha zenyewe. Bornu, upande wa mashariki, chini ya Idris Alooma, ilikuwa na wapiga bunduki katika miaka hiyo hiyo, na iliwaleta Waturuki kuwafundisha watu wake. Kwa hiyo bunduki ziliweza kuvuka Sahara kwa njia ya biashara. Songhai ilikuwa na chumvi na dhahabu za kuzinunulia. Lakini lawama hiyo ni ya Daoud na miaka yake 30 na ushei ya utulivu kuliko ya Ishaq, ambaye hakupata hata mwaka mmoja wa kupumzika.

Dendi hata hivyo haikuwa Songhai. Nuh aliokoa kipande cha kusini. Hakuweza kurudisha Gao wala Timbuktu. Majimbo ya magharibi, yale yaliyopigwa na Ishaq mwaka 1588, hayakuinuka kumsaidia Askia yeyote. Kila kabila na kila mji ulijitafutia njia yake, na wengi waliokuwa chini ya Songhai walianza kuvamia mashamba ya jirani zao. Huko Timbuktu wavamizi walimweka Askia wao, Sulayman, wa jina tu. Mwaka 1593 waliwakamata wanachuoni wa mji, na mwaka uliofuata wakawapeleka Marrakech. Mmoja wao, Ahmad Baba, alisema alinyang'anywa vitabu 1,600, na kwamba maktaba yake ilikuwa ndogo kuliko za jamaa zake. Aliruhusiwa kurudi kwao baada ya al-Mansur kufa.

Dhahabu ilifika. Mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa Morocco mwaka 1594 aliripoti nyumbu 30 waliobeba dhahabu wakiingia, na sultani akapata lakabu ya al-Dhahabi. Al-Mansur alipokufa mwaka 1603, wanawe walipigania kiti hadi nchi ikagawanyika, na Marrakech haikuwa tena na uwezo wa kuwatawala askari wake wa Timbuktu. Askari hao walioa wenyeji, wakaitwa Arma, wakawa wanachagua mapasha wao wenyewe na kuwaondoa mara kwa mara.